Presha ya Wazee

"Hivi, mtoto wa mwisho kulia mtaani hapa alikuwa wa nani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo. Tukawataja mmoja mmoja mpaka tukafika kwa kijana ambaye sasa ana ndevu, yuko ng'ambo anaogesha wazee wa watu. Tukacheka. Halafu tukarudi kuanika, kila mmoja na kamba yake.

Ndiyo maana mkamwana wangu aliposhika mimba, mtaa mzima ulishika mimba. Mimba ikiwa bado changa, mwanangu akaenda kutafuta maisha nchi ya mbali, akamwacha kwangu. "Mama, nakuachia amana," aliniambia mlangoni. Mimi ni mjane, uzito wa amana naujua. Kila asubuhi katika sala nilimtaja huyu binti kwanza, ndipo nikamtaja marehemu wangu.

Wazee wakaleta mito, viti vya kuegemea, na mawaidha hata yasiyoombwa. Jirani yangu yule wa kamba akaleta mashine yake ya presha. Tunamwita Mama Pima tangu mwanawe alipomtumia mashine hiyo kutoka huko aliko. Siku zetu huanzia barazani kwake: unakaa, unafungwa mkanda mkononi, mkanda unavimba, unanywea, naye anatangaza kama mwamuzi wa mpira. Ukisoma mia na tisini anakugombeza. Mia na sabini, "jitahidi." Ukifika mia na hamsini unapigiwa makofi.

Asubuhi moja mkamwana alisoma mia na hamsini kwa mia.

"Haya, utazameni ujana!" Mama Pima akapiga makofi. "Katushinda wote, na chumvi anakula!"

"Jamani, mnanipima au mnanishindanisha?" mkamwana akauliza, na wazee wakacheka, mmoja mpaka akashika meno yake yasidondoke.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeiona pete yake ya ndoa ikining'inia shingoni kwenye uzi, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeikataa. Uso nao ulikuwa umejaa. Wenzangu walisema mimba imempenda, nami nikataka kuamini. Lakini nilimwona anajikandamiza paji la uso kwa kidole akidhani hatazamwi.

Tulipofika nyumbani nikamketisha. "Mwanangu, una nini?"

"Kichwa tu, mama. Na macho. Naona vimulimuli."

"Mchana huu?"

"Tangu juzi. Sikutaka kukutia wasiwasi, nawe una yako."

Nikainuka. Mama Pima, aliyekuwa ametufuata na mkoba wa mashine, akanivuta kando. "Shoga, unamtia mtoto hofu bure. Mashine imesema nzuri."

"Mashine haijawahi kubeba mimba," nikamjibu, nikajifunga kitambaa kichwani nikatoka.

Zahanati iko mwisho wa mtaa. Nilimkuta Nesi anafunga kidonda cha mguu wa mzee, katika chumba kilekile nilichomzalia mwanangu. Kitanda cha kuzalia wamekifunika turubai na kulaza magongo juu yake. Walisema hakuna tena wa kuzaa, chumba kinakaa bure. Nilimsimulia Nesi huku nimesimama. Hakuuliza la pili. Alinawa mikono, akachukua begi lake, akanitangulia mimi niliyekuja kumwita.

Akampima mkamwana kwa mashine yake, wazee wamejaa mlangoni. Mia na sitini kwa mia na kumi.

"Nani alisema ni nzuri?"

Macho yote yalikwenda kwa Mama Pima. Akaufungua mkoba wake akamkabidhi Nesi mashine kama mtu anayesalimisha silaha. Nesi akampima tena kwa ile. Ikasema yaleyale, mia na sitini kwa mia na kumi.

"Mashine yako nzima, mama," Nesi akasema taratibu. "Lakini hiyo ni nzuri kwenu nyie mliozoea mia na tisini. Kwa huyu ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Aende hospitali kubwa sasa hivi, na akae huko mpaka ajifungue. Kwangu hapa sina hata pa kumlaza."

"Nami nimempigia makofi," Mama Pima akasema, kama anayeuliza.

Gari linalotembea mtaani kwetu ni moja, la Dereva, aliyeendesha mabasi mpaka mtoto wa jicho akamstaafisha. Alikuja mbio na funguo. "Jicho la kulia linaona vizuri!"

"La kushoto nitakuwa mimi," Nesi akasema. "Nakaa mbele. Nikisema simama, simama."

Nikamfungashia mkamwana nguo. Nilipogeuka, alikuwa bado ameketi kitandani, miguu imevimba hata viatu havikuingia.

"Siendi, mama."

"Unasemaje?"

"Mume wangu aliniambia wewe ni amana yangu. Nikilala huko, nani atakushika mkono ngazini? Na hawa wote wanasubiri mtoto alie hapa."

Kumbe mwanangu alituwekesha amana sisi kwa sisi.

"Tutamsikia kwenye simu," nikamwambia. "Ngazi nitashuka kwa makalio kama mtoto. Nawe ukishajifungua salama, mumeo akikuita huko aliko, mfuate. Usirudi hapa kwa ajili yangu."

Alinitazama usoni, muda mrefu, akitafuta mahali nilipodanganya. Nilisali kimoyomoyo asipaone. Nje honi ikalia. Mama Pima alikuwa mlangoni, amekumbatia mto aliouleta siku ya kwanza kabisa, machozi yanamdondoka juu yake.

Mkamwana akasimama peku. Akauchukua mto mikononi mwa Mama Pima, akapita katikati yetu, akatoka kuelekea kwenye gari.