Hasi Ikitoka

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaitwa Profesa. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Alikuja kwetu kwa wiki moja tu, eti anatafuta kazi. Sasa ni zaidi ya mwaka, kochi la sebuleni limebonyea kwa umbo lake, na hiyo kazi nadhani ndiyo inayomtafuta yeye.

Jioni ile nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha kemia, nikamkuta anamfundisha binti yangu. Kesho yake mtoto alikuwa anarudia mtihani wa kemia, na akifeli tena, chuo cha uuguzi asahau. Mwalimu wa somo hilo nipo ndani ya nyumba, lakini mume wangu alishaamua kwamba mtoto anamwelewa zaidi baba yake mdogo. Mimi nina ukali.

Nikasimama mlangoni, mkoba begani, nikasikiliza.

"Chaji za ayoni hazina mambo mengi," Profesa alikuwa anasema, miguu juu ya meza yangu. "Sodiamu anapoteza elektroni moja. Ukipoteza, si umepata hasara? Basi hasi moja. Klorini anapata moja, hiyo ni faida. Chanya moja."

Na mtoto wa watu anaandika. Nilimdharau yule mwanamume. Hata elektroni ni nini hajui, ila mdomo anao.

"Futa, mwanangu," nikasema. "Elektroni ina chaji gani?"

"Hasi."

"Sodiamu akitoa hasi moja nje, anabaki vipi?"

Alitafuna penseli kidogo. "Anabaki chanya moja. Aliyeipokea, klorini, ndiye hasi."

"Na aluminiamu akitoa tatu?"

"Chanya tatu."

Profesa akacheka puani. "Shemeji, hayo ni mambo ya vitabuni."

"Enhe. Na mtihani unatungwa kwenye kochi?"

Mume wangu, aliyekuwa amezama kwenye simu, akaishusha. Alimtazama binti yake.

"Mwaka jana uliandika vipi?"

"Vile alivyonifundisha baba mdogo."

Mume wangu, aliyenihubiria mwaka mzima kuhusu ukali wangu, aliinuka, akavuta begi la mdogo wake kutoka nyuma ya kochi, akaliweka mlangoni.

Binti yangu wala hakuinua kichwa. Alishafika kwenye kalsiamu, anatoa hasi mbili.