Ofumbi Afungishwa Mara Mbili

Mume wangu Ofumbi ni mzee wa kanisa huko Kirewa, Uganda, na pombe hajawahi hata kuilamba. Lakini mwaka jana, kila asubuhi kabla ya chai, alikuwa kama mlevi. Alimuuliza jogoo kama ameokoka. Jumapili moja alitaka kwenda kanisani amevaa suruali mikononi. Akishakunywa chai ya sukari anakuwa mzima, hakumbuki lolote, na ukimcheka anakasirika.

Pasta Jonan akaamua ni pepo wa pombe, akamwamuru afunge siku tatu. Siku ya pili mume wangu akaanguka mbele ya madhabahu, anatetemeka, jasho chapachapa. Nikanyakua soda ya pasta mwenyewe nikamnywesha. Baada ya muda mfupi akaketi, akauliza watu wanalia nini.

"Pepo ametoka!" pasta akapaza sauti.

"Ni soda!" nikamfokea.

"Soda hiyo niliiombea, mama Babra."

Nilitamani kumpiga na chupa. Nikavuka mpaka na mume wangu hadi hospitali kubwa upande wa kwetu nilikozaliwa, Kenya. Daktari Akiror akasikiliza yote, kisha akasema, "Tutamlaza, afunge."

"Daktari, na wewe unasali kwa Pasta Jonan?"

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Alitaka kupima damu sukari ikishuka. Ilishuka kabla ya jioni, Ofumbi akiwa anauchumbia mtungi wa oksijeni. Picha zikaonyesha uvimbe kwenye mkia wa kongosho, mdogo kama njugu, unaomwaga insulini ovyo na kumaliza sukari yote mwilini. Uvimbe kama huo ni nadra, na mara nyingi si saratani. Wetu ulionekana ni saratani. Ilibidi ukatwe upesi pamoja na ule mkia, kabla haujafika kwenye ini.

Hapo kicheko kiliniisha. Nampenda mtu huyu, hata na vituko vyake. Walipomwingiza chumba cha upasuaji nilienda sokoni nikanunua gauni jeusi, nikalivaa papo hapo, nisije nikashtukizwa.

Siku chache baadaye wakamtoa dripu. Asubuhi ile hakuwa amekula kitu. Nikasimama kando ya kitanda, nikingoja vituko vianze. Akafungua macho, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama Babra," akasema, "nguo nyeusi ya nini? Nani alikufa?"

"Hakuna," nikasema, kisha nikaangua kilio kikubwa hivi kwamba nesi alikuja mbio kuniuliza swali hilohilo.