Siku ya Kuvua Boksi

Kiwandani walimwita Bi Boksi, na jina lilimkaa. Alikuwa mkuu wa vifungashio katika kiwanda cha dawa ya meno, na tangu apewe cheo hicho hakuna boksi lililotoka mlangoni bila yeye kuligeuza, kulinusa wino na kulipima pembe kwa ukucha. Sasa ndiye huyohuyo aliyekwenda wizarani, akasimama mbele ya watu na kutamka kwamba boksi la dawa ya meno halina kazi.

Na kweli halina. Tyubu imejifunga yenyewe, ina kifuniko chake, ina jina lake ubavuni. Tunaivalisha boksi, mteja analibeba mpaka nyumbani, analichana, analitupa. Kazi yote ya boksi duniani ni kusimama dukani likitazamwa, na wako binadamu wa namna hiyo pia, ila hao hatuwatupi.

Wizara yenyewe haikuwa na sheria juu ya jambo hilo, wala faini. Ilikuwa na afisa mmoja mwembamba, mgeni mjini, aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi bila neno hiari. Viwanda vipunguze taka za vifungashio kwa hiari, vikutane kwa hiari, na chai ile pale, kila mtu ajimiminie kwa hiari. Kabla kikao hakijaisha alikwishabatizwa Bwana Hiari. Alieleza kwamba serikali inaweza kutunga sheria wakati wowote, lakini sheria huja na rungu na rungu halichagui kichwa, afadhali wenye viwanda waahidi wenyewe wanachokiweza na yeye awasaidie kukitimiza. Hiari yashinda utumwa, alisema, akakaa. Kisha akasimama tena kuuliza kama kuna anayejua chumba cha kupanga, maana gesti inamaliza mshahara wake.

Viwanda vya dawa ya meno vilikuwa viwili, na hapo ndipo penye mfupa. Tyubu tupu ikisimama karibu na tyubu iliyovaa boksi, mteja ataichukua iliyovaa, aione ile nyingine kama imeokotwa. Kwa hiyo ilikuwa lazima wavue wote, na wavue siku moja. Wakakubaliana iwe tarehe mosi ya mwezi uliofuata. Hakuna atakayechapa maboksi mapya, na Bwana Hiari ataruhusiwa kuingia ghala la yeyote kati yao bila kupiga hodi.

Aliyesimama kuahidi kwa niaba ya kiwanda cha pili alikuwa wifi yake Bi Boksi. Dada wa mumewe, tumbo moja.

Mawifi hawa walikuwa na lao. Zamani kidogo, wakila mchana kwa mama mkwe, Bi Boksi alimwaga mawazo yake mezani, kwamba kila atakayenunua tyubu anataka kumpa mswaki wa mtoto bure. Haukupita mwezi, mswaki wa bure ukatoka kwenye kiwanda cha wifi. Bi Boksi alinuna, akanuna vizuri, na tangu siku hiyo mama mkwe akapiga marufuku dawa ya meno kutajwa mezani kwake. Mwenyewe, asije akaambiwa anapendelea, alipiga mswaki asubuhi kwa dawa ya mkwe na jioni kwa dawa ya binti.

Basi Bi Boksi alirudi kazini na ahadi yake, akamkuta Mzee, mwenye kiwanda, anamsubiri. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alilipenda jambo lenyewe, maana kadibodi ilikuwa imepanda bei, lakini aliwajua wale wa upande wa pili.

"Ukituvua nguo sokoni peke yetu," alimwambia, "utatoka hapa na hayo maboksi yako."

Akamwamuru achape shehena moja ya akiba na kuificha. Wenzao wakivunja ahadi, mzigo utavalishwa asubuhi ileile. Bi Boksi angeweza kukataa. Alifungua mdomo akatae, akamkumbuka wifi na mswaki wa mtoto, akaufunga. Akachapa.

Ghalani hapakufaa, Bwana Hiari angeingia. Akapeleka maboksi, yakiwa bapa, yamefungwa mafurushi, kwa mama mkwe, ambaye uani kwake alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha vilivyokosa wapangaji. Mama mkwe hakuuliza ni nini. Alimfungulia chumba cha kushoto. Bi Boksi akauliza kama na cha kulia ki wazi, mzigo ulikuwa mkubwa.

"Cha kulia kina mpangaji," alijibu mama mkwe, akaingia ndani kutazama sufuria yake.

Siku zile Bi Boksi hakulala vizuri. Bwana Hiari alikuja kiwandani, akatembezwa kila pembe, akafurahi kama mgeni aliyekaribishwa mpaka chumbani. Alisifu kifuniko kipya, kipana, kinachoiwezesha tyubu kusimama kwa kichwa. Alisifu zaidi trei, kadibodi nzito yenye matundu ambayo tyubu huchomekwa zisiyumbe, na mwenye duka huitumia tena na tena. Trei hiyo ilikuwa akili ya Bi Boksi mwenyewe, na alipoisikia ikisifiwa aliona aibu. Mtu anakuamini, nawe unamwonyesha ghala tupu kwa sababu umelijaza la mama mkwe.

Alijitetea moyoni kwamba wifi bila shaka anafanya hivyohivyo, au vibaya zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, tarehe mosi ikiwa imebakiza wiki moja na ushei, mumewe alirudi kutoka kazini akitabasamu. Huyu alikuwa fundi umeme, mtu mwema, na wema wake ulikuwa na tabia ya kufika mahali ambapo haukuitwa. Alikuwa amekwenda kutengeneza nyaya za gesti, akamkuta mgeni mmoja analalamikia bei, wakaongea, akaona wamefaana. Amempatia mama mpangaji. Amekwishampigia mama simu, na mgeni atakwenda kuviangalia vyumba kesho asubuhi.

Bi Boksi aliuliza mgeni gani.

"Yule afisa wenu wa wizara," alisema mumewe, akivua viatu. "Yule wa hiari."

Jumamosi kulipopambazuka Bi Boksi alikuwa amekwishakodi pikapu. Njia nzima alikuwa akijipigia hesabu: akionekana na mafurushi yale, si ahadi yake tu itakayokufa. Viwanda vya sabuni, vya biskuti, vya mafuta vilikuwa vinangoja kuona kama hawa wa dawa ya meno watavua kweli. Wangesema, mnaona, hiari ni maneno. Ingekuja sheria na rungu lake, na jina la aliyelileta lingekuwa la kwake.

Nje ya nyumba ya mama mkwe alikuta pikapu nyingine. Uani alimkuta wifi yake, kitenge kiunoni, jasho usoni, anabishana na kufuli la chumba cha kulia.

Walitazamana.

"Wewe unafuata nini hapa?" aliuliza wifi.

"Namfuata mpangaji wangu," alisema Bi Boksi. "Na wewe?"

Kufuli lilijibu kwa niaba ya wifi. Liliachia, mlango ukafunguka kwa uzito wa kilichoegemea ndani, na mafurushi ya maboksi yakamwagika mpaka miguuni pao. Mapya, yananukia wino. Bi Boksi aliinama akaokota moja, na kwa mazoea akalipima pembe kwa ukucha. Limekatwa vizuri. Ndipo akaingiwa na hasira, akaanza kumweleza wifi yake habari za ahadi na uaminifu, na jinsi alivyojua tangu zamani, na alikuwa anakwenda vizuri sana mpaka mama mkwe, aliyekuwa amesimama kizingitini na mwiko mkononi, akafungua chumba cha kushoto. Nyani haoni kundule, lakini wakati mwingine kuna mtu wa kumgeuza.

Wifi akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, na Bi Boksi, ambaye bado alikuwa na hasira na alitaka kubaki nayo, akajikuta naye anacheka, wamekaa juu ya mafurushi, kila mmoja juu ya mafurushi ya mwenzake.

"Mama, ulijua?" aliuliza wifi.

Mama mkwe alisema yeye hajui maboksi. Anachojua ni kwamba mpangaji anakuja saa tatu, na anataka kuona sakafu.

Walipotulia, wifi alisema ukweli wake. Hakuficha ili awapige chenga. Vifuniko vyao vilitoka vyembamba, tyubu haisimami. Ukiiweka tu, inalala, na mwenye duka gani atakubali dawa ya meno inayolala kama mlevi? Muda wa kutengeneza vifuniko vingine haupo. Mkubwa wake alimwambia aweke maboksi ya akiba, naye akaweka. Akaongeza, bila kumtazama mwenzake, kwamba na lile la mswaki wa mtoto lilimkaa rohoni muda wote huu. Alilitoa mdomoni ofisini siku moja kujisifu, likachukuliwa, akakosa pa kulirudishia.

Bi Boksi alilichezea lile boksi mkononi. Jibu la tatizo la wifi lilikuwa kiwandani kwake, limerundikwa mpaka dari. Tyubu yoyote iliyochomekwa kwenye trei inasimama, hata yenye kifuniko chembamba. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Mkataba haukusema trei. Mzee asingependa hata kidogo. Angenyamaza tu, na tarehe mosi tyubu za kwao zingesimama, za wenzake zingelala. Aliliona hilo wazi, na alilitamani, tusimsingizie utakatifu.

"Safari ile ulichukua," alisema. "Safari hii nakupa. Njoo Jumatatu na fundi wako, mchukue vipimo vya trei yetu."

Wifi alijifunga upya kitenge chake kiunoni. Hakusema asante.

Yalibaki maboksi. Kuyarudisha kiwandani ilikuwa kurudi palepale, kila mmoja na akiba yake na wasiwasi wake. Kuyapeleka kiwanda cha karatasi yakasagwe, sawa, lakini nani angejua kama mwenzake hakukata kona njiani? Wifi ndiye aliyelipata jibu. Akasema, wewe pakia yangu, mimi nipakie yako. Kila mmoja apeleke nguo za mwenzake kusagwa.

Walikuwa katikati ya kazi hiyo Bwana Hiari alipoingia uani na mumewe Bi Boksi nyuma yake. Hapakuwa na pa kujificha. Furushi la kiwanda kimoja lilikuwa begani kwa mtu wa kiwanda kingine, na jina limeandikwa kubwa. Bwana Hiari aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasoma majina yote mawili bila haraka. Mama mkwe ndiye aliyesema.

"Hawa ni watoto wangu. Wanamhamisha mpangaji."

"Naona," alisema Bwana Hiari. Akawatazama wale wanawake wawili, jasho linawatiririka. "Anahama kwa hiari?"

"Kwa hiari," alisema Bi Boksi.

Bwana Hiari alivua koti, akalitundika msumarini, akabeba furushi. Hakuuliza kitu kingine siku ile, ila kama chumba cha kulia kinaingiza jua la mchana.

Mkesha wa tarehe mosi Mzee alipiga simu, akataka kujua maboksi ya akiba yako wapi.

"Ziko kwa wifi yangu, nguo zetu zote," alisema Bi Boksi.

"Wifi yako yupi?"

"Ninaye mmoja tu, Mzee."

Mzee alimjua huyo mmoja, na kiwanda chake. Akasema watakutana kesho dukani, duka kubwa la kati, na aje na funguo zake za ofisi.

Alikwenda nazo, mkobani, na kila hatua alizisikia. Mzee alikuwa amekwishafika. Kwenye rafu tyubu zao zilisimama kwa kichwa katika trei zao, nyekundu, safi, hazina boksi. Pembeni, mahali pa wale wengine, palikuwa patupu. Mwenye duka alisema mzigo wao haujaletwa. Mzee aliutazama ule uwazi, akamtazama Bi Boksi, akanyoosha kiganja. Bi Boksi alifungua mkoba. Alijua angeweza kusema subiri kidogo, lakini alikuwa amechoka kukisia nia ya wifi, hivyo akazitoa funguo.

Kabla hazijafika kiganjani, mlango wa nyuma ulisukumwa kwa goti. Aliingia wifi yake mwenyewe, amebeba trei kifuani kwa mikono miwili, na nyuma yake wapakuzi na trei nyingine. Gari lilikuwa limeharibika, alieleza akihema, wamekodi mkokoteni. Tyubu zake zilikuwa za kijani, na hazikuwa na boksi. Alipita mbele ya Mzee bila kumwona, akaiweka trei rafuni, bega kwa bega na ile nyekundu. Tyubu moja ikachomoka kwenye tundu lake, ikaanguka sakafuni.

Bi Boksi aliinama akaiokota. Aliifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akairudisha tunduni, akaisukuma kidogo mpaka ikasimama.

"Asante, wifi," alisema wifi yake.

Mzee alikuwa bado amenyoosha kiganja. Alikitazama, akakirudisha mfukoni.