Mtemi wa Nyumba Yangu

Mke wangu Koleta alipoanza kisomo cha watu wazima kwenye ghala la ushirika, hapa Ntalikwa, mimi ndiye niliyemhimiza. Baada ya mwezi nilijuta. Kila jioni ilikuwa mwalimu Justus kasema hivi, mwalimu Justus kasema vile. Kijana mwenyewe amesoma seminari ya Kipalapala, shati limenyooka kwa pasi, na mimi mikono inanuka nta na moshi wa mizinga. Nilimwonea wivu, sifichi.

Siku moja Koleta, huku akipepeta mahindi, alisema leo mwalimu kafurahi sana, darasa zima lilizungumzia mtemi, kwamba jina hilo limetokana na kutema pori. Nikawaka kabla hajamaliza. Nani asiyejua hilo? Babu yangu ndiye aliyetema pori letu kwa shoka lake. Waliokuja nyuma wakamwomba ardhi, wakamwita mtemi, na alichosema hakikuwa na rufaa mpaka alipokufa. Hayo nilimweleza Koleta tukiwa wachumba, akapiga miayo. Sasa yametoka kinywani mwa Justus, yamekuwa elimu.

"Nisikilize kwanza, baba Bertila," alisema, akinyoosha daftari lake. "Tazama hapa."

"Serikali imeondoa watemi," nikamjibu, "lakini nyumba hii bado inaye. Kisomo basi."

Nikalichukua daftari, nikalisukuma mafigani chini ya chungu. Koleta hakulia. Alitazama mpaka kurasa zikawa majivu, kisha akasonga ugali.

Kesho yake nikaenda ghalani kumkomesha huyo mwalimu. Kabla sijafungua mdomo akaniamkia shikamoo, akawaambia wanakisomo kwamba huyu ndiye mzee Limbu. Wakanipigia makofi. Akanionyesha ubao wenye maandishi makubwa, yaliyopinda, akasema hajaufuta tangu jana. Nikamwambia sijui kusoma, akanisomea:

"Mume wangu Limbu aliniambia, mtemi ni yule aliyetema pori kwanza."

Ilikuwa sentensi ya kwanza Koleta kuandika bila msaada. Mwalimu alikuwa amemwambia ainakili kwenye daftari, aje anionyeshe. Akaniuliza kama nimeiona, nami nikadanganya kwamba nimeiona.

Nilirudi nyumbani mbio, nikamwomba Koleta arudi darasani, daftari jipya nitamnunulia mwenyewe. Hakuinua uso.

"Mtemi ameshasema," alijibu, akaendelea kupepeta mahindi.