Mtani Wangu wa Idarani

Nilimwonea Biubwa wivu tangu siku ya kwanza alipoingia idara yetu ya chuo kikuu, na sioni haya kulisema. Mimi nilikuwa na miaka sita ya mikataba ya muda, chumba cha kupanga hapa La Rochelle, Ufaransa, na tasnifu nene kuhusu ucheshi katika fasihi ya Marekani. Yeye alikuwa na miaka miwili tu, na kicheko kilichowatoa maprofesa ofisini mwao. Mwaka ule wa 2017 nafasi ya kudumu ilikuwa moja, na kila mtu alijua kwamba mdahalo wa Agosti kuhusu ucheshi wa Wamarekani ndio ungeamua.

Nilianza mimi. Nilieleza kwamba Mmarekani huchekesha kwa uongo mkubwa unaosimuliwa kwa uso mkavu, mpaka mgeni anayeuamini ageuke kichekesho. Wakapiga makofi ya adabu. Biubwa akasema la, watazameni wakata miti wa hadithi za Kimarekani wanavyotukanana kutwa bila kugombana. Kwake huo ni utani, kama ule wa makabila ya kwetu Tanzania: ruhusa ya kumchamba mtu ambaye haruhusiwi kununa. Ukumbi ukamsikiliza kwa hamu. Roho ikaniuma.

Nikasimama. Nikasema mwenzangu hajasoma vitabu, amesoma majalada yake tu, na akinyang'anywa kile kicheko habaki na hoja hata moja. Nilikusudia kila neno. Watu wakainamisha macho.

Biubwa akatabasamu. Akawaeleza kwamba mimi ni Mnyamwezi na yeye Mzaramo, watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na sasa wamejionea wenyewe. Kisha akanirudishia: Mnyamwezi amezoea kubeba mizigo ya wengine, ndiyo maana tasnifu yake ni nzito vile. Wakacheka hadi machozi.

Ningeweza kusema sikuwa natania. Lakini hapo ningekuwa nimekiri chuki mbele ya wote. Nikacheka, na kwa kucheka nikaithibitisha hoja yake. Mkuu wa idara alikuwa akiandika.

Tulipotoka, alinisubiri kwenye ngazi.

"Kaka Alexis, ule haukuwa utani," akasema taratibu. "Nimekusitiri tu, wasikuone vibaya."

Kazi wakampa wiki iliyofuata. Kazi nimeshamsamehe. Wema ule, mpaka leo sijamsamehe.