Chuchumaa Kwanza

Mama Mkubwa alikuwa na sheria moja tu katika chumba chake cha ushonaji, na hata angekuja waziri asingeilegeza. Hakuna mtu aliyetoka pale na nguo mpya kabla ya kuchuchumaa, kunyoosha mikono juu, kisha kukimbia kutoka kwenye kioo mpaka getini na kurudi. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwashonea sare walinzi wanawake. Alijua mshono upi hufumuka kwanza mtu akiruka ukuta, na kifungo kipi hung'oka mtu akiinama kumdaka mwizi wa simu. Wateja walimpa jina la Chuchumaa, naye alijifanya hajui.

Ndiyo maana yeye na runinga hawakuiva chungu kimoja. Runinga yenyewe ilikaa juu ya kabati la vitambaa. Kila mpelelezi wa kike alipotokea, amebanwa na suruali mpaka unamwonea huruma, akachomoa bastola, Mama Mkubwa alisimamisha cherehani.

"Hiyo bastola ilikuwa wapi?" aliuliza. "Hana mfuko, hana mkoba, hana hata pindo la kuficha sindano. Imeota?"

Mpelelezi aliwalaza chini wanaume sita, na hata unywele wake mmoja haukuhama. Hapo Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nikifagia uwanja tu, nywele zinasimama zote. Huyu amepakwa gundi?"

Basi, Mungu naye ana vituko vyake. Mpelelezi aliyefuata wa tamthilia mpya alikuwa binti wa mdogo wake Mama Mkubwa, na mshonaji wa mavazi akawa Mama Mkubwa mwenyewe.

Binti huyo hakuwa wa kubahatisha. Tangu alipopewa nafasi ile, alikwenda kwa mwalimu wa judo na karate miezi minane mfululizo. Alijifunza kuanguka, kushika, kutupa, na kuanguka tena, mpaka viwiko vikabadilika rangi. Mama yake alilalamika kwamba mwana amerudi kuwa mtoto wa chekechea, kila siku ana alama mpya. Yeye alikuwa anafurahi tu.

Siku alipokuja kupimwa gauni la sehemu ya mwisho, furaha hiyo ilikuwa imekwisha.

"Mama Mkubwa, wameniondoa kwenye mapigano," alisema, akakaa juu ya furushi la sare. "Mimi nitafungua mlango. Halafu anaingia mwanamume mmoja amevaa wigi, anapigana. Halafu narudi mimi, natabasamu. Miezi minane nimejifunza kuanguka, sasa ananiangukia mtu mwingine!"

"Kwa nini?"

"Mwongozaji anasema kwa gauni lile siwezi. Na gauni halibadilishi, anataka nipendeze."

Mama Mkubwa aliivuta futi ya kupimia shingoni mwake, akaishika ncha zote mbili. Alijua binti akilia, na yeye atalia, na satini nyekundu ya gauni lile huharibiwa na maji.

"Simama," alisema. "Gauni niachie mimi."

Akalishona kama lilivyochorwa: jekundu, la kubana, refu mpaka kwenye kifundo. Ila kwenye mapaja alipachika kipande cha kitambaa cha ziada, na ubavuni akaacha mpasuo uliojificha ndani ya mkunjo. Ukisimama huuoni, ukipiga teke unafunguka. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akatia mifuko miwili ndani ya mishono ya pembeni. Binti alilivaa akachuchumaa. Akanyoosha mikono. Akakimbia mpaka getini, akaruka ndoo ya maji akiwa njiani, akarudi anacheka.

Gauni la pili, la kufanana na la kwanza, lilikuwa la mwanamume wa wigi, nalo lilishonwa kwa vipimo vilivyoletwa kwenye karatasi, bila kipimo cha paja. Alikuja mwenyewe kulijaribu, kijana mwenye mabega mapana na adabu nyingi, na wote pale wakawa wanamwita Bwana Wigi. Alijitazama kwenye kioo, akalivuta gauni mapajani. Mlangoni walikuwa wamekaa walinzi wanne wakisubiri sare zao.

"Chuchumaa kwanza, mwanangu," alisema Mama Mkubwa.

"Mama, limenikaa vizuri tu."

"Sikukuuliza limekukaaje. Chuchumaa."

Bwana Wigi aliwatazama walinzi wanne. Walinzi wanne walimtazama yeye, na mmoja tayari alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Kijana akavua gauni lile nyuma ya pazia haraka haraka, akashukuru mara tatu, akatoka nalo kwenye mfuko. Ilikuwa nguo ya kwanza katika miaka ishirini kuondoka pale bila kujaribiwa. Mama Mkubwa alilala na jambo hilo moyoni.

Siku ya kurekodi walikuwa kwenye ukumbi wa hoteli uliokodishwa mpaka saa sita mchana, wala si dakika moja zaidi. Meneja wa hoteli alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi. Mama Mkubwa alikaa pembeni na kopo la pini, kama desturi ya mshonaji. Binti yake alifungua mlango, akaingia, akapendeza. Saa tano na robo ikafika zamu ya mapigano. Wanaume wawili wa kuigiza majambazi wakajipanga. Bwana Wigi akaingia, wigi limemkaa upande.

"Haya, anza!" alisema mwongozaji.

Bwana Wigi akainua mguu kupiga teke. Chraaa! Gauni likachanika kutoka gotini mpaka kiunoni, na bukta yake ya kijani ikawasalimu watu wote. Jambazi wa kwanza, badala ya kuanguka, alikaa chini akicheka. Mpiga picha alilazimika kuishika kamera kwa mikono miwili.

"Mama fundi!" mwongozaji alipiga kelele. "Shona! Haraka!"

Mama Mkubwa alilipokea gauni, akaliangalia mshono kwa mshono. Lazima tuseme ukweli, moyo wake uliruka kwa furaha, na akauonea haya. Angeweza kusema halishoneki. Binti yake alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma, akimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Lakini Mama Mkubwa hakuwa amewahi kudanganya juu ya mshono, na hakutaka kuanzia siku ile.

"Kwa dakika kumi nitalishona," alisema. "Litasimama, litatembea, hata litacheza muziki taratibu. Teke halitalimudu. Likipigwa teke tena, utaiona ile kijani tena."

"Sasa tufanyeje?"

"Humu ndani lipo gauni moja tu la kupiga teke, nalo limeshavaliwa."

Watu wote wakageuka kumtazama binti. Mwongozaji akajikuna kidevu.

"Mama, watazamaji hawataamini. Msichana kama huyu awaangushe wanaume wawili?"

"Na ile miguu yenye manyoya wangeiamini?"

Bwana Wigi, aliyekuwa amejifunga kitambaa cha meza kiunoni, akainua mkono kwa adabu. "Mkuu, huyu dada tunafanya mazoezi kwa mwalimu mmoja. Mimi amenitupa chini mara nyingi, na sikuwa naigiza."

Meneja wa hoteli akakohoa, akagonga saa yake kwa kidole. Mwongozaji akakubali shingo upande. "Mara moja tu," alisema.

Binti akarudi mlangoni. Aliposikia "anza", aliingia, akawaona majambazi, akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo halikuandikwa popote. Alivua viatu vyake vya visigino virefu, kimoja kimoja, akavipanga vizuri kando ya ukuta, kwa sababu vilikuwa viatu vya bei na Mama Mkubwa ndiye aliyemfunza kutunza vitu.

Jambazi wa kwanza akaja. Binti akamkwepa, akamshika ukosi, akamtupa juu ya zulia, puu! Wa pili akamsukuma, naye akaanguka, akaanguka vizuri kama alivyofundishwa, akasimama na nywele zimemfunika jicho moja. Mpasuo ukafunguka, teke likaenda lilikotakiwa. Jambazi wa pili akala zulia. Gauni halikutoa hata mlio.

Baada ya hapo, binti hakutabasamu kwenye kamera. Aliinama, akashika magoti, akahema. Alihema kwa muda, jasho likimtiririka puani. Alipopata pumzi akaingiza mkono mfukoni, akatoa pingu, akamfunga jambazi. Akaenda kuvichukua viatu vyake.

Hakuna aliyesema "kata". Mwongozaji alikuwa amesahau. Mama wa vipodozi alipomkimbilia binti na kitana, mwongozaji akamzuia. "Ziache nywele hivyo hivyo," alisema, na kumgeukia Mama Mkubwa. "Huo mfuko ulitoka wapi? Nilisema pasiwe na mifuko."

"Ungeuona ungenilaumu," alisema Mama Mkubwa. "Uliuona?"

Sehemu hiyo ilipoonyeshwa, ilikuwa Jumamosi mchana, na chumba cha kushonea kilijaa. Walinzi walikuja na sare zao, wengine wametoka zamu moja kwa moja. Bwana Wigi naye alikuja, kupimwa suti ya jambazi, nafasi yake mpya, na kabla hajaambiwa neno alichuchumaa, akanyoosha mikono na kukimbia mpaka getini. Walinzi wakampigia makofi. Binti alikaa kwenye furushi la sare, kidole mdomoni, hamtazami mtu.

Alipotupwa jambazi wa kwanza, wakashangilia. Vilipopangwa viatu, wakavunjika mbavu. Halafu mpelelezi akainama, akashika magoti yake, akahema.

Mlinzi mmoja mzee kuliko wote, mwanamke aliyelinda geti la ghala moja kwa miaka kumi na minane, aliisogelea runinga.

"Anahema," alisema. "Jamani, anahema! Mimi juzi nilimkimbiza mwizi nikamkamata, nikahema hivyo hivyo, na wanaume wa pale wakanicheka kwamba nimezeeka." Akamgeukia binti. "Kumbe hata wewe, mwanangu, na ujana wako huo."

"Nilichoka kweli, mama," alisema binti. "Sikuwa naigiza."

Mlinzi akamshika mkono, hakuuachia mpaka matangazo yalipoanza. Mama Mkubwa alikuwa ameinamia cherehani, akikanyaga kwa bidii, hataki mtu amwone uso. Bwana Wigi ndiye aliyegundua kwamba cherehani haikuwa na uzi.