Upana wa Kiganja

Hakuna beki kusini yote ya Louisiana aliyewahi kunikaribia ila kwa hisani yangu.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia Kocha Brouillette, aliyetumwa na chuo kutafuta mkimbiaji mmoja tu wa kurushiwa mpira kwa timu yao ya futiboli ya Kimarekani, asomeshwe bure. Alikuwa ameitazama video yangu: mimi nimeruka, beki kaning'inia mgongoni kama mkoba wa shule, na mpira bado unatua mikononi mwangu. Uwanja mzima unalipuka.

"Mikono unayo," alisema. "Lakini kila mpira unaugombania. Mbona hatukuoni ukiwa peke yako?"

"Huwa nawangoja mabeki, Kocha. Nikiwaacha mbali, mashabiki watasinzia."

Hakucheka. "Basi leo usimngoje mtu."

Akampanga Lavonte anikabe, Lavonte niliyekua naye uzio kwa uzio. Nikachomoka, nikakata kulia ghafla. Pumzi yake ikawa bado iko shingoni mwangu. Nikaunyaka mpira juu ya kichwa chake, wenzangu wakapiga mayowe. Kocha alikuwa akitazama miguu tu. Akainua mikono kuonyesha nafasi iliyokuwa baina yetu: upana wa kiganja.

"Na huyu ulimngoja?"

Jasho likanitoka mahali nisipojua kuna jasho. Mpira wa pili, kiganja. Wa tatu, hata kidole hakipiti. Nilikuwa nimekimbia kwa roho yangu yote, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama zile kelele za mashabiki zilishangilia mikono yangu au zilifunika miguu yangu.

"Lavo," nilinong'ona tukirudi mstarini, "teleza kidogo."

"Niteleze wapi, kaka? Nyasi kavu hizi. Na mimi pia ananiona."

"Kaka, nakuomba."

Akavuta kofia yake ngumu chini, akaenda kusimama mahali pake.

Mpira wa mwisho. Nilipogeuka, Lavonte alikuwa chini kama gunia, nami nina nafasi ya kupitisha trekta. Mpira ukatua kifuani pangu kimya, bila mtu wa kunivuta jezi.

"Naam! Nafasi ndiyo hiyo!" Kocha akatabasamu.

Nilikuwa nimekwisha kuanza kucheza kwa furaha, ndipo bibi yangu Eulalie, ambaye hajakosa mechi yangu hata moja, alipoinuka kwenye kiti chake cha kukunja kando ya uwanja, mkono kifuani kwa huruma.

"Lavonte, baba, umeumia? Maana umeanguka kabla hata huyu hajageuka!"

Tabasamu la Kocha likazimika. Hakunitazama usoni; alitazama miguu yangu.